Wyrd Sisters: mfalme aliyeuawa mara mbili, kwanza kwa kisu, halafu kwa tamthilia

Bundi wa Upanga (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nimerudia kusoma Wyrd Sisters ya Terry Pratchett, ile ya wachawi watatu, na kuna jambo limejificha ndani ya vichekesho vile ambalo naona wengi tunalipita mbio. Naomba tulijadili. Tahadhari mapema: nasimulia hadi kurasa za mwisho. Asiyependa kusimuliwa afunge uzi, arudi akishasoma.

Kwa wageni: ni riwaya ya 1988, ya sita kwenye mfululizo wa Discworld, ile dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kasa anayeogelea angani. Mfululizo mzima una riwaya 41, na mwandishi alifariki Machi 2015. Si lazima usome tano za mwanzo ndipo uielewe hii.

Kisa chenyewe. Katika ufalme mdogo wa milimani uitwao Lancre, Mfalme Verence anauawa na binamu yake, Dyuki Felmet, huku mke wa Felmet akiwa ndiye mwenye roho ngumu kuliko mumewe. Taarifa rasmi ya kasri: mfalme alijikwaa kwenye ngazi akaangukia kisu chake mwenyewe. (Mnacheka, lakini taarifa za namna hii mmezisikia nyingi.) Usiku huohuo mtoto mchanga wa mfalme anatoroshwa pamoja na taji, askari wakiwa nyuma, na anaishia mikononi mwa wachawi watatu waliokuwa na kikao chao nyikani: Granny Weatherwax, bibi mkali ambaye heshima yake ndiyo silaha yake, Nanny Ogg, mkunga mwenye ukoo mkubwa, mpenda kinywaji na nyimbo zisizoimbika mbele ya watoto, na Magrat Garlick, binti wa shanga na vitabu anayeamini kila kilichoandikwa.

Wachawi wanamkabidhi mtoto kwa kundi la waigizaji wanaozunguka vijijini. Taji wanalitupa ndani ya sanduku la mataji ya maigizo. Hakuna atakayelitafuta humo, maana kati ya mataji yale la kweli ndilo linaloonekana la bandia kuliko yote. Hapo Pratchett amekwisha kutuambia kitabu kinahusu nini, na tuko mwanzoni kabisa.

Sasa hoja yangu. Felmet baada ya kuua anapata kasri, askari na kodi. Anachokosa ni hadithi. Damu haimtoki mkononi, anausugua hadi kwa msasa. Mzimu wa marehemu unarandaranda kasrini. Watu wanawasikiliza wachawi kuliko yeye. Akijaribu kuwatisha, anaonekana mpuuzi tu. Ndipo mchekeshaji wake wa kasri, kijana mpole aliyesomea uchekeshaji katika chama kikali hadi akauchukia, anamwonyesha kwamba maneno yanaweza kufanya kisichowezwa na askari. Felmet anatuma fedha mjini Ankh-Morpork ili aandikiwe tamthilia: mfalme wa zamani awe dhalimu, yeye awe mkombozi, na wachawi wawe mashetani wanaokoroga sufuria.

Katika kitabu hiki wachawi wanausogeza ufalme mzima miaka 15 mbele kwa usiku mmoja, wakiuzunguka kwa ufagio kabla jogoo hajawika, ili yule mtoto akue upesi. Ni uchawi mkubwa. Lakini uchawi unaomtia hofu Bibi Weatherwax si huo. Ni ule anaouona jukwaani: mbao, rangi ya uso, mistari ya kukariri, na watu wazima wanalia kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Na hili halikutoka hewani, maana riwaya inaitania Macbeth ya Shakespeare. Macbeth wa kweli alikuwa mfalme wa Waskoti kuanzia 1040 hadi 1057. Duncan, mfalme aliyemtangulia, hakuuawa kitandani na Macbeth kama tamthilia inavyosema. Alikufa vitani mwaka 1040, na hakuwa mzee mwenye mvi bali mtu wa umri wa kawaida. Macbeth alitawala miaka 17, na mwaka 1050 ufalme wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba aliuacha akaenda kuhiji Roma, akagawa fedha kwa maskini. Leo ukilitaja jina lake mahali popote duniani, watu wanaona kisu na damu. Tamthilia moja ya Shakespeare, ya takriban 1606, imefanya kazi hiyo. Felmet aliota kupata alichokipata Mfalme James, aliyekalia kiti cha Uingereza mwaka 1606.

Karibuni.

---

Kahawa Chungu

Natia nanga hapa. Siti ya mbele, karanga mkononi.

---

Mwalimu wa Zamu

Bundi, uzi wa maana huu. Sisi huku Kenya wengi tulikutana na Macbeth darasani, tukakariri dondoo za mtihani na kusahau kwamba kuna mtu halisi aliyezikwa chini yake. Lakini nataka nimtetee Shakespeare kidogo.

Hakumzulia Macbeth uovu. Aliukuta umeandikwa kwenye historia ya Holinshed, toleo la 1587, na Holinshed naye alichota kwa Hector Boece aliyeandika mwaka 1527. Boece ndiye aliyemleta Banquo, mwenzake Macbeth kwenye tamthilia, mtu ambaye hayupo kwenye kumbukumbu za karne ya 11. Na kwa nini Banquo alihitajika? Kwa sababu ukoo wa Stuart ulidai kutokana naye. Sasa ona ufundi: kwa Holinshed, Banquo alikuwa mshirika wa Macbeth katika mauaji. Mwaka 1603 Mfalme James wa Uskoti, Stuart, anarithi kiti cha Uingereza, na mwezi Mei mwaka huohuo anawachukua kina Shakespeare kuwa waigizaji wake rasmi. Banquo wa jukwaani akatoka msafi kama kanzu ya Idi.

Mtu aliyekuwa analipwa na mfalme angeandika babu wa mfalme ni muuaji? Angekula wapi? Ndiyo maana mimi kwenye riwaya nampenda zaidi Hwel, yule mbilikimo mwandishi wa kundi, kuliko wachawi wenyewe. Kapokea fedha, kaandika, lakini tamthilia haimkubalii. Anahisi kuna kitu kimepinda ndani yake na hajui ni nini, maana mistari ni mizuri. Yeyote aliyewahi kuandika hotuba ya mtu mwingine anaijua hali hiyo.

---

Bundi wa Upanga

Mwalimu, kwa Hwel tuko pamoja. Na si mwandishi mbaya. Kichwani mwake mawazo kutoka kila dunia yanamdondokea akiwa amelala, mengine ya Shakespeare, mengine ya filamu za vichekesho za zamani ambazo kwao hazijagunduliwa. Pratchett angeweza kumfanya Felmet aajiri mwandishi kilaza. Akamchagua bora kabisa. Propaganda mbovu haina haja ya kuogopwa, watu wanaizomea na kwenda nyumbani.

---

Ungo Namba Saba

Nimekuja mbio nilipoona neno wachawi.

Huyo James mnayemtaja si mtazamaji wa kawaida. Mwaka 1590 alikuwa anarudi kutoka Denmark na mke wake mpya, Anne, bahari ikachafuka. Badala ya kulaumu hali ya hewa ya kaskazini, wakalaumiwa wachawi. Zikafuata kesi za North Berwick, makumi ya watu wakatuhumiwa, na mfalme mwenyewe akakaa kuwahoji. Mmoja alikuwa Agnes Sampson, mkunga na mganga wa kijijini aliyeheshimika kwao. Aliteswa, akakiri, akauawa Januari 1591. Mwaka 1597 James akachapisha kitabu chake kuhusu uchawi, Daemonologie. Yaani mgeni rasmi wa tamthilia ni mtu aliyewahi kumhoji mchawi ana kwa ana na kuandika kitabu juu yake.

Sasa sehemu iliyonifurahisha: wachawi wale walituhumiwa kusafiri baharini kwa chekeche! Imo kwenye kijitabu cha habari cha 1591, na Shakespeare kaiingiza kwenye Macbeth, mchawi mmoja anaahidi kusafiri kwa chekeche. Wakuu, Waskoti chekeche, sisi ungo. Vyombo vya jikoni vina nini? Nani aliwaambia wachawi wa dunia nzima wakutane kwenye duka moja la vyombo?

---

Shangazi Mkorofi

Ungo Namba Saba 😂😂 afadhali ungo hauvuji. Chekeche baharini ni kutafuta kifo.

Na ufagio wa Bibi Weatherwax ndio kichekesho zaidi, hauwaki mpaka ausukume akikimbia nao, kila mara, na hakuna anayethubutu kucheka.

---

Binti Kahama

Naomba niharibu kicheko kidogo.

Mimi nimekulia Usukumani. Kwetu bibi akizeeka peke yake na macho yakawa mekundu, watu wanaanza kunong'ona. Yale macho ni moshi wa miaka mingi, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye jiko lisilo na dirisha. Lakini mnong'ono ukishaanza hakuna anayeuliza kuhusu moshi. Halafu anakuja mtu na panga usiku, na ukifuatilia unakuta kulikuwa na shamba au ng'ombe wa urithi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, iliandikwa na Waingereza, walewale ambao mababu zao walikuwa wanasafisha mikono kutoka kwa kina Agnes Sampson.

Nilipoanza riwaya hii nilikuwa na hasira nayo. Nikajiambia huyu mzungu anafanya mchezo na kitu kinachoua watu. Nikaendelea kwa ukaidi tu. Kilichonigeuza ni pale Bibi Weatherwax anapokaa kati ya watazamaji na kuona waigizaji wamevaa kama wachawi. Pua za bandia, sauti za kukwaruza, sufuria ya mambo machafu. Yeye maisha yake yote kazalisha, kaosha maiti, kakesha na wagonjwa, kakatalia ada. Anatazama na kuelewa kwamba hivi ndivyo watakavyokumbukwa, na kwamba mtoto aliyekaa safu ya mbele ataondoka na picha ile hata akisahau kila kitu kingine.

Kwetu hakukuwa na jukwaa. Kulikuwa na hadithi za jioni, na siku hizi kuna filamu za mchawi mwenye kucha ndefu. Daima ni bibi kizee. Sijawahi kuona filamu ya mchawi kijana mwenye suti na digrii.

---

Mwalimu wa Zamu

Dada Binti Kahama, pole na asante. Huku kwetu, Kisii, Mei 2008, watu 11 waliteketezwa kwa tuhuma hizohizo, wengi wao wanawake wazee. Sina la kuongeza.

---

Ungo Namba Saba

Dada, umeniweka mahali pangu, na sina kinyongo. Nitaje hesabu moja tu kwa sababu inaunga mkono usemayo: Uskoti, kati ya sheria ya 1563 na kufutwa kwake 1736, watafiti wamehesabu watuhumiwa wa uchawi wapatao 3,800. Walio wengi sana ni wanawake. Nchi ndogo ile.

---

Mpinzani Halali

Wakuu, nimesoma kimya kimya, sasa acheni nitie mchanga kwenye pilau.

Mnamsifu Bibi Weatherwax kana kwamba yeye na Felmet ni mbingu na ardhi. Hebu tuangalie alichofanya. Tamthilia ya Felmet inaendelea jukwaani. Bibi anatia uchawi, waigizaji wanasahau maneno waliyoyakariri na badala yake vinywa vyao vinasema yaliyotokea kweli usiku wa mauaji. Ni ukweli, nakubali. Lakini vinywa si vyake! Wale vijana walikuja kufanya kazi waliyolipwa, wakageuzwa kuwa vipaza sauti. Felmet angalau alilipa.

Pili, miaka 15. Nani aliwauliza wananchi wa Lancre? Ndani ya mipaka wao hawakuzeeka, sawa, lakini nje dunia ilikwenda. Aliyekuwa anadaiwa ng'ambo ya mpaka aliamka na riba ya miaka 15. Aliyekuwa na mchumba huko nje ndiyo kabisa.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mwishoni Tomjon, yule mtoto wa mfalme, kakua mwigizaji hodari na hataki ufalme. Anautaka jukwaani tu, ambako unaisha saa nne usiku watu wanakwenda kulala. Wachawi wanafanya nini? Wanatangaza kwamba mchekeshaji ni ndugu yake wa baba mwingine mama mwingine, sijui nini, watu wanamtazama, wanaona anafanana na Tomjon, wanamalizia wenyewe: kumbe mfalme marehemu alikuwa na mambo yake ya nje. Mchekeshaji anatawazwa, Verence wa Pili. Wachawi hawakusema uongo hata neno moja. Waliwaacha tu watu wajidanganye. Hiyo si tamthilia? Ni tamthilia ya Felmet yenye waandishi werevu zaidi.

---

Shangazi Mkorofi

Mpinzani umechanganya watu, ngoja shangazi apange.

Tomjon na mchekeshaji ni ndugu kwa baba. Hapo hakuna uongo. Swali ni baba yupi. Watu wakadhani mfalme. Lakini kurasa za mwisho zinadokeza kwamba mfalme alikuwa hashindi nyumbani, anapenda kuwinda wanyama na visivyo wanyama, na malkia naye hakuwa mtu wa kukaa akihesabu nguzo za kasri. Na mchekeshaji wa wakati ule alikuwa baba wa huyu mchekeshaji. Nanny Ogg ni mkunga, wakunga wanajua kuhesabu miezi. Magrat maskini ndiye anabaki akihesabu kwa vidole.

Kwa maana hiyo Tomjon, ambaye ufalme mzima ulisogezwa miaka 15 kwa ajili yake, hakuwa na tone la damu ya mfalme! Wala anayetawala sasa hana. Waswahili tulishalimaliza zamani: kitanda hakizai haramu. Mtoto ni wa mwenye kitanda. Lancre nzima imesimama juu ya methali yetu bila kuijua.

---

Bundi wa Upanga

Shangazi asante, uliyoyapanga yamepangika.

Mpinzani, hoja yako nzito. Najibu hivi: Felmet alitaka hadithi ili akae kwenye kiti. Bibi Weatherwax hakutaka kiti. Angeweza kutawala Lancre kwa wiki moja na kila mtu anajua, na kitabu chote kuna mkono unamvuta afanye hivyo, Magrat mwenyewe anauliza mbona tusitawale. Anakataa.

---

Mpinzani Halali

Kutotaka kiti si kibali cha kuchagua nani akalie. Wengi katika historia hawakutaka kiti, walitaka kushika mguu wa kiti.

---

Kahawa Chungu

Nilikuja kula karanga, imebidi niingie uwanjani.

Mnazungumza kama vile neno likishasemwa linabaki kuwa mali ya aliyelisema. Kumbukeni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Mganga wa Ngarambe anatoa neno la maji, makabila yaliyokuwa yanatazamana kwa jicho la pembe yanaungana. Analitaka neno liunganishe watu wajiandae. Watu wanataka vita sasa hivi, kwa maji hayohayo. Anajaribu kulizuia, halizuiliki, limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Na mwisho, Wajerumani wanapomtaka atangaze kwamba maji ni uongo ili apone, anakataa. Anajua akisema hivyo, hata kilichokuwa kweli ndani ya neno kitazikwa pamoja na uongo, na watoto watakaozaliwa wataambiwa babu zao walipigania upuuzi.

Weka hapo Felmet. Yeye alinunua neno tayari limepikwa, akadhani atalimiliki kwa risiti. Likamgeukia hadharani, mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe. Anaanza kuchoma watu kwa kisu cha maigizo, bapa linaingia kwenye mpini, hakuna anayekufa, na yeye hatofautishi tena kisu kipi ni cha kweli. Anaishia kuangukia bondeni. Mtu aliyeweka sumu kwenye mpaka kati ya kweli na maigizo ndiye wa kwanza kuinywa.

Kwa hiyo Mpinzani, mimi sina shida sana na nani alilitoa neno. Naangalia nani yuko tayari kufa nalo. Kinjeketile alinyongwa. Felmet alikuwa anataka tu usiku apate usingizi.

---

Mpinzani Halali

Kahawa Chungu, ulinganisho mzuri ila unanisaidia mimi. Neno la Kinjeketile liliua maelfu waliolisadiki. Alikuwa mtu safi, na bado. Sasa wachawi wa Lancre wameachia neno "huyu ni mwana wa mfalme" litembee. Leo anatawala mtu mwema. Mjukuu wake je?

---

Mwalimu wa Zamu

Wakati mnaendelea kugombana, niongeze kwamba watawala hawajawahi kuchukulia jukwaa kama mchezo, huo ni ujinga wetu sisi watazamaji.

Februari 1601, wafuasi wa Earl wa Essex waliwalipa kina Shakespeare shilingi 40 juu ya mapato ya kawaida ili waigize Richard II, mfalme anayenyang'anywa taji. Kesho yake wakaingia mitaani London kumwasi Malkia Elizabeth. Maasi yakafa siku hiyohiyo, Essex akakatwa kichwa kabla mwezi haujaisha. Waigizaji walihojiwa, wakaachiwa.

Kwetu, 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwenye jukwaa walilojijengea wenyewe. Wakulima na wafanyakazi wakijiigiza wao wenyewe. Serikali ikaufuta mchezo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu siku ya mwisho ya mwaka huo hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kubomoa mbao! Felmet angewaelewa vizuri sana.

Na upande wenu Tanzania kuna kioja cha kupendeza: Nyerere, Rais wa nchi, alikaa akaitafsiri Julius Caesar, ikachapishwa 1963, halafu akairekebisha ikatoka Juliasi Kaizari 1969. Kiongozi aliye madarakani anawapa wananchi wake, kwa lugha yao, tamthilia ya namna mtawala anavyochomwa visu na marafiki zake. Sijui watawala wangapi wangethubutu.

---

Msafiri Bara

Wakuu uzi mtamu, ila mimi sijasoma hata kimoja. Nianzie wapi? Na lazima nisome Macbeth kwanza?

---

Bundi wa Upanga

Mkuu karibu. Anzia hapahapa, Wyrd Sisters. Macbeth si lazima, lakini ukiisoma kwanza utacheka mara mbili zaidi. Ukiona Kiingereza cha zamani kinakukaba, itafute Makbeth ya Kiswahili, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, kwenye maktaba za vyuo na kwa wauza vitabu vya zamani. Ukishampenda Bibi Weatherwax endelea na Witches Abroad ya 1991, kisha Lords and Ladies ya 1992, ambamo Magrat na mchekeshaji wetu wanafunga ndoa. Kama wewe ni mtu wa kutazama, kuna katuni ya 1997, Christopher Lee ndiye sauti ya Mauti.

---

Ungo Namba Saba

Mauti! Mbona hatujamtaja? Yule ananiua mbavu. Anakuja kasrini kikazi, kuchukua roho za watu, anajikuta jukwaani mbele ya umati ambamo pia kuna mwigizaji anayemwigiza yeye. Kigugumizi kinamshika. Amezoea kuonekana na mtu mmoja mmoja tu, tena mara moja.

---

Binti Kahama

Narudi kwa Mpinzani, maana swali lake la mjukuu halikujibiwa.

Nadhani umesahau mshiriki mmoja: ardhi. Kwenye riwaya Lancre yenyewe ina hisia. Kuna usiku wanyama wa msituni wanakusanyika mbele ya nyumba ya Bibi Weatherwax, mbwa mwitu na sungura bega kwa bega, wamekuja kulalamika. Nchi inamkataa Felmet. Si kwa sababu ni mwovu! Verence naye hakuwa malaika, shangazi katuambia. Kitabu kinasema wazi ufalme haujali mfalme ni mwema au mbaya, unajali kama anaupenda, kama mbwa anavyomjali bwana wake. Verence aliipenda kwa namna yake ya hovyo. Felmet anaichukia. Anachukia miti ile, anaamuru ikatwe.

Kwa hiyo wachawi hawakumchagua mfalme hewani. Walimtafuta mtu ambaye nchi ingemvumilia. Mchekeshaji anaipenda Lancre. Ukoo wake ni hadithi ya kuwaridhisha watu, lakini upendo wake si hadithi. Mjukuu akiichukia nchi, wanyama watakuja tena mlangoni, na nadhani kutakuwa na bibi mwingine wa kuwafungulia.

---

Mpinzani Halali

Dada, hilo nalipokea nusu. Nusu nyingine bado nakosa raha, maana ni nani anatafsiri malalamiko ya wanyama? Ni walewale wachawi. Kwetu wapo wengi wanaodai ardhi imesema nao.

---

Shangazi Mkorofi

Mpinzani wewe ungekuwepo Lancre ungepinga hata jogoo.

Ila naona nyote mmemzunguka mwanamke mmoja. Mke wa Felmet. Bibi Weatherwax anamtia uchawi mkali kuliko wote: anamfunulia nafsi yake, ajione alivyo, bila pazia. Felmet kwa kujiona alivunjika vipande. Huyu mama anajiona mzima, kila alichofanya, anaduwaa kidogo, halafu anasema angeyafanya tena yote, na zaidi, na kwa furaha. Bibi Weatherwax, kwa mara ya kwanza kitabuni, hana la kufanya. Ukweli umegonga ukuta.

Nanny Ogg anampiga na sufuria kichwani. Basi.

---

Bundi wa Upanga

Shangazi!! Hapo ndipo Pratchett anapojibu hoja ya Mpinzani kuliko sisi wote. Tamthilia ya uongo ilishindwa, tamthilia ya ukweli ikamshinda mume lakini si mke. Na baadaye akitoroka gerezani anakwenda msituni, anakutana na nchi yenyewe ikimsubiri, wanyama wote wale. Kule hakuna wa kutafsiri, Mpinzani. Hawakupeleka malalamiko kwa mtu.

---

Mpinzani Halali

Haya. Sufuria naikubali, na msitu naukubali. Ila ile riba ya miaka 15 nataka nilipwe.